Kabla hujaenda kusomea udaktari Urusi: yaweke sawa majina ya RNA

Kama biolojia yako umeisoma kwa Kiingereza na sasa umepata nafasi Urusi, hakikisha kwanza unaijua kazi ya kila RNA, yaani molekuli za seli zinazofanya kazi na maelekezo ya jeni. Kazi haibadiliki. Herufi ndizo zitakazokuchenga.

RNA yenyewe huandikwa РНК, husomwa "er-en-ka". mRNA, inayopeleka ujumbe wa jeni kwenye ribosomu (kiwanda cha protini ndani ya seli), ina majina mawili huko. иРНК ni informatsionnaya, yaani ya habari, na imezoeleka sana kwenye vitabu vya shule. мРНК ni matrichnaya, neno linalotokana na kalibu, kwa kuwa protini huundwa kwa kuifuata. Ni molekuli ile ile moja, kwa hiyo shika majina yote mawili.

Kwenye тРНК nakuomba utulie. Hii ni transportnaya, yaani tRNA, inayobeba asidi amino, vijenzi vya protini. Sasa, т ya Kirusi ikiandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, au ikichapwa kwa herufi za mlazo, hufanana kabisa na m yetu. Mhadhiri ataandika ubaoni, wewe utanakili mRNA, na maelezo yote ya antikodoni (herufi tatu ambazo tRNA husomea ujumbe wa mRNA) yatakaa chini ya kichwa kisicho chake. Yalinikuta, na niligundua wiki ya mtihani. M yao ya mkono huanza na kikonyo kidogo chini kushoto, kitafute hicho. Jizoeze mwandiko huo ukiwa bado nyumbani, hata nusu saa kwa siku, maana herufi za chapa peke yake hazitakufikisha.

Zoea na kodoni, yaani herufi tatu tatu za ujumbe wa mRNA: AUG kwao ni АУГ, U ikionekana kama Y. C ni Ц.

рРНК, ribosomnaya, yaani rRNA inayojenga ribosomu, haina taabu.

Mtego mwingine uko kwenye RNA ndogo. miRNA ya Kiingereza, yenye nyukleotidi (vipande vinavyounda RNA) kama 22, Kirusi huiita микроРНК. Ukikutana na миРНК usikimbilie kuifananisha nayo: mara nyingi ni kifupi cha RNA ndogo ya kuingilia, ile ambayo Kiingereza huiita siRNA. Soma sentensi nzima ndipo uamue.

Beba daftari la safu nne: Kiingereza, Kirusi cha chapa, Kirusi cha mkono, na kazi ya molekuli kwa Kiswahili chako mwenyewe. Safu ya tatu ijaze kwa kalamu, si kwa simu.