Mkono au mashine: jinsi ya kugawa kazi unapotengeneza gitaa la umeme la kuagizwa

Mtu anayekuja kuagiza gitaa la umeme lililotengenezwa kwa kipimo chake huwa amekwisha kupiga magitaa ya kiwandani kwa miaka mingi, na anakuja kwa sababu kuna jambo moja ambalo kiwanda hakikumpa. Hapa Lubumbashi jambo hilo mara nyingi ni nafasi kati ya nyuzi. Wapiga gitaa wa Katanga wamerithi upigaji wa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada, ule ambao Jean Bosco Mwenda aliupiga mbele ya kinasa sauti cha Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Gitaa lake halikuwa la umeme, lakini mkono uliolelewa katika upigaji huo bado unatafuta nafasi. Shingo ya kiwandani kwa kawaida ina upana wa milimita 42 hivi pale nyuzi zinapoanzia, na mpigaji wa vidole hufurahia 44 au hata 45. Kwa ajili ya milimita hizo mbili au tatu, mtu yuko tayari kusubiri miezi.

Swali ninaloulizwa na mafundi vijana ni kama gitaa la namna hiyo lichongwe kwa mkono au kwa mashine, na wengi huliuliza kana kwamba jibu la kwanza ni la heshima na la pili ni la aibu. Mimi sioni hivyo. Gitaa la umeme lilikua pamoja na mashine: Leo Fender, alipoanza kuuza gitaa lake lisilo na uwazi ndani huko Fullerton, California, mwaka 1950, alikuwa amelipanga likatwe kwa kufuata violezo na shingo yake ifungwe kwa skrubu nne, ili shingo ikiharibika ibadilishwe bila kuligusa gitaa zima. Kwa hiyo liulize swali hilo katika kila hatua ya kazi, na uliulize hivi: nikikosea hapa, kosa litagunduliwa na sikio au na kiganja? Kosa la sikio hutokana na vipimo, na katika vipimo mashine inanishinda. Kosa la kiganja haliwezi kuandikwa kwenye programu kabla mwenye gitaa hajalishika, na hapo ndipo ninapotoa tupa na randa zangu.

Kabla ya yote kuna mbao, kwa kuwa mbao mbichi huharibu kazi ya mkono na ya mashine sawasawa. Mninga, ambao huku kwetu huitwa mulombwa, unafaa kwa mwili na hata kwa shingo, kwa sababu ukishakauka vizuri hautanuki wala kusinyaa sana. Vaa barakoa tu unapoupiga msasa, kwani vumbi lake hubana kifua. Mukula una rangi ya kuvutia, lakini tangu 2019 biashara ya mbao zake kuvuka mipaka inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo usinunue kipande ambacho hujui kimetoka wapi. Mbao uliyoinunua Januari, mvua zikinyesha, ina maji ambayo itayatoa yote kiangazi kikikolea, na ukiwa umekwisha kuweka freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, ubao wa vidole utasinyaa na ncha za freti zitachomoza pembeni na kumkwaruza mpigaji. Ikate kwa makadirio ukiacha ziada ya milimita tano kila upande, uipange juu ya vijiti katika chumba kilekile utakachofanyia kazi, kisha uipime kwenye mizani kila wiki na kuandika uzito na tarehe juu ya mbao yenyewe kwa kalamu ya risasi. Uzito usipobadilika kwa wiki tatu, anza.

Nafasi za freti ni kazi ya mashine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mafundi hodari wa mkono wanapopoteza wateja. Chukua urefu wa uzi kutoka kwenye kifupa cha shingoni hadi darajani, tuseme milimita 648, na uugawe kwa 17.817. Utapata 36.37, na hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Toa hiyo kwenye 648, ugawe salio la 611.63 kwa namba ileile, na freti ya pili itakuwa milimita 34.33 mbele ya ile ya kwanza, yaani 70.70 kutoka mwanzo. Endelea hivyo, freti ya 12 ikiangukia 324, nusu kamili ya uzi, ujue hesabu yako ni sahihi. Hesabu hiyo inafanyika kwenye daftari. Shida inaanza unapoihamishia kwenye ubao kwa rula na msumeno, hasa ukipima kutoka freti moja hadi nyingine: ukikosea sehemu tatu za kumi za milimita kila mara kwa upande uleule, freti ya 22 itakuwa imehama kwa zaidi ya milimita sita. Hata ukipima kila freti kutoka mwanzo, kama inavyopasa, msumeno nao una unene wake na mkono una mtetemo wake.

Tena nusu ya milimita haina uzito sawa kila mahali. Tukigawa nusu-toni katika senti 100, kosa la nusu milimita kwenye freti ya kwanza linaipotosha sauti kwa karibu senti moja na nusu, ambayo sikio huisamehe. Kosa hilohilo kwenye freti ya 20, ambako freti zimesongamana kwa milimita 12 hivi, linafikia zaidi ya senti nne. Fikiria sasa muziki unaopigwa kwenye gitaa hilo. Sebene, ile sehemu ya kuchezea ya wimbo wa Kikongo, likianza, mpiga solo hupanda juu ya shingo na kubaki huko, akirudia mzunguko uleule wa noti chache dakika baada ya dakika, huku mpiga mi-solo, gitaa la kati, akimjibu. Noti iliyopotoka katika wimbo wa polepole hupita. Katika sebene inarudi mara mia. Ndiyo maana siwezi kumshauri fundi yeyote akate mifereji ya freti kwa jicho, hata awe na mkono mtulivu namna gani.

Ukipata karakana yenye mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, hata kama kazi yake ya kila siku ni kuchonga milango na mabango, itakutosha, mradi uende na mchoro ulio kamili. Chora kila kitu kwa milimita, na uulize kipenyo cha kisu kabla hujachora pembe, kwa maana kisu cha milimita 6 hakiwezi kuacha pembe kali kuliko mviringo ambao nusu ya kipenyo chake ni milimita 3. Mifereji ya freti inahitaji kisu cha milimita 0.6 hivi, ambacho huvunjika upesi kikilazimishwa kula mbao nyingi kwa mara moja. Kama karakana haina kisu hicho, omba mashine ichore tu mistari kwa ncha kali, kisha ukate wewe mwenyewe kwa msumeno mwembamba ukiongozwa na kipande cha mbao chenye pembe mraba. Mpe mashine pia mfereji wa fimbo ya chuma inayopita ndani ya shingo, mfuko wa kuingizia shingo mwilini, na mashimo ya mikro, yaani vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi. Mstari wa nje wa mwili nao ukatwe na mashine, ukiacha ziada ya nusu milimita kwa ajili ya msasa.

Kuna jambo moja nililojifunza kwa hasara. Nilipeleka ubao wa mninga niliokuwa nimeukausha kwa miezi minane, na mfereji wa fimbo ulipofika katikati, umeme ukakatika. Uliporudi, mwendeshaji alianza tena pale alipokadiria kuwa ndipo mwanzo, na kisu kikashuka milimita nne pembeni mwa mfereji wa awali. Shingo hiyo haikuokoka. Niliikata vipande vya kujaribia rangi. Tangu siku hiyo, kabla ya kitu chochote, naomba mashine itoboe mashimo mawili ya milimita 6 katika sehemu ya mbao itakayotupwa, moja kila mwisho, na kupenya hadi kwenye meza iliyo chini yake. Umeme ukikatika, unapachika vipini viwili kwenye mashimo hayo, mbao inarudi mahali pake hasa, na mwendeshaji anaanza upya kutoka kwenye shimo la kwanza bila kubahatisha. Ukiwa katika mji wa namna yetu, usikubali kazi ianze bila mashimo hayo.

Mwili hauna mengi. Unene wa milimita 44 au 45 unatosha, na mikato ya kupumzishia mkono na mbavu unaichonga kwa tupa ya mbao kwa nusu siku.

Mgongo wa shingo ndio kazi ya mkono hasa. Mashine inaweza kukuchongea mgongo wowote ulioupima, ila mteja mwenyewe hajui anachotaka mpaka akishike. Mimi huacha shingo ikiwa nene kwa milimita moja na nusu kuliko nilivyokusudia, kisha nachonga sehemu mbili tu kwanza, chini ya freti ya kwanza na chini ya freti ya 12, hadi zifikie milimita 22 na 24 pamoja na ubao wa vidole. Hapo namwita mteja. Mmoja wao, mpiga gitaa wa kanisani mwenye vidole vifupi, alishika mara moja akasema, "Yaya, hii inanijaza kiganja, gumba langu halina mahali pa kukaa." Nilimjibu, "Ngoja, ndugu yangu, sema ni upande gani." Akateleza kidole polepole akasimama upande wa nyuzi nene. Unene wenyewe haukuwa na shida. Bega la upande mmoja ndilo lililokuwa limejaa mno. Nililipunguza kwa mipapaso ya tupa isiyozidi thelathini, akashika tena, akanyamaza, akaanza kupiga bila nyuzi. Hakuna mchoro ambao ungeniambia hilo.

Sehemu hizo mbili zikikubaliwa, ziunganishe kwa kuchonga nyuso bapa kwanza, tano au saba, zinazokwenda moja kwa moja kutoka upande wa kichwa hadi kwenye mwili, ndipo uvunje pembe zao hadi mgongo uwe mviringo. Zima taa ya juu, weka taa moja pembeni, na uangalie kivuli: penye bonde au tuta kivuli kitapinda. Kisha fumba macho na upitishe kiganja, maana macho huridhika mapema kuliko ngozi.

Freti zikishagongwa mahali pake, zipake wino wa kalamu nene juu, upitishe tupa bapa ndefu taratibu mpaka kila freti ioneshe mstari mwembamba unaong'aa. Weka kipande kifupi cha chuma kilichonyooka juu ya freti tatu tatu. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, ya katikati bado iko juu. Viwanda vikubwa vina mashine ya Plek, iliyobuniwa Ujerumani, inayopima na kusaga freti yenyewe, na kazi yake ni safi. Sisi tuna tupa na uvumilivu, na vinatosha.

Katika mikro, mkono na mashine hufanya kazi kwa wakati mmoja. Injini ya cherehani iliyounganishwa na kihesabio inazungusha, na wewe unauongoza waya wa shaba wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, kati ya kidole na gumba. Mikro yenye koili moja ya waya huchukua mizunguko 8,000 hivi. Mashine ihesabu, vidole vihisi mkazo, kwa sababu ukikaza waya unakatika, na ukilegeza, mikro inaweza kulia kama filimbi sauti ya amplifaya ikipanda. Hugusa moyo kuushika waya huo katika mji uliojengwa juu ya shaba.

Nyuzi zikishafungwa, ziache zivute shingo kwa siku tatu kabla ya kurekebisha chochote. Kaza fimbo ya chuma hadi kwenye freti ya saba kubaki mwanya wa milimita 0.2 kati ya uzi na freti, huku uzi umebanwa mwanzoni na mwishoni mwa shingo, kisha shusha daraja hadi uzi mnene ukae milimita 2 juu ya freti ya 12 na ule mwembamba 1.6. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi pamoja na tarehe, umpe mteja nakala, na umwombe alirudishe gitaa mwezi wa Septemba, hewa ikiwa kavu kabisa, na mara nyingine Januari, ili uvipime tena mbele yake.