Ujumbe Wako Ukifutwa na Msimamizi wa Kundi

Tangu mwaka 2022, msimamizi wa kundi la WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na mahali pake hubaki taarifa inayoonyesha kwamba umefutwa na msimamizi, pamoja na jina lake. Kwa hiyo huna haja ya kubahatisha ni nani wa kuulizwa. Kabla ya kulalamika, soma maelezo ya kundi, kwa kuwa huenda kanuni uliyoivunja imeandikwa hapo siku nyingi. Usiutume ujumbe ule mara ya pili, wala usifungue kesi mbele ya watu wote, maana msimamizi aliyebanwa hadharani hutetea heshima yake kwanza na kuisikiliza hoja yako baadaye, kama atafika huko. Mwandikie faraghani, kwa mfano: "Shikamoo mwenyekiti. Nimeona ujumbe wangu kuhusu michango ya harusi umefutwa. Naomba kujua umekiuka kanuni gani, ili niurekebishe." Mpe siku moja au mbili. Asipojibu, mwendee msimamizi mwenzake, kama yupo. Nawe ukiwa ndiye msimamizi, taja sababu papo hapo kwa sentensi moja, na ukiwa umefuta kwa bahati mbaya, kiri kosa na umwombe mwenzako autume tena.