Acheni Kuzika Shina la Mtende wa Mapambo

Kila nikiitwa kuangalia mtende mdogo wa mapambo unaokufa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kupiga magoti na kufukua udongo kwa vidole pale shina linapoingia ardhini. Makuti siyaangalii kwanza. Makuti yataniambia kwamba mti unaumwa, na hilo mwenye mti ameshaliona, ndiyo maana ameniita. Mimi natafuta mizizi ya juu kabisa. Mara nyingi kiganja chote kinazama kabla sijaigusa, na nikiigusa ni myeusi, laini, ganda lake linavuka lote nikilivuta na katikati unabaki uzi mtupu. Udongo wenyewe unanuka kama mtaro. Hapo sina haja ya kuuliza swali la pili. Mti umepandwa kwa kina kirefu mno.

Kosa hili halipungui, na linawagharimu watu miti iliyolelewa kitaluni kwa miaka. Kuchimba shimo mnajua, kumwagilia mnajua, kwamba mti unataka mwanga mnajua. Hayo siyarudii. Leo nazungumzia sentimita chache tu kati ya uso wa ardhi na mzizi wa kwanza.

Mti wenyewe ni ule ambao wataalamu wanauita Phoenix roebelenii, jamaa wa mtende unaozaa tende, ila huu huishia mita 2 hadi 3 na makuti yake ni membamba, laini, yamejikunja kama mwavuli. Asili yake ni kaskazini mwa Laos na Vietnam pamoja na jimbo la Yunnan kusini mwa China, kwenye kingo za mto Mekong. Kuna watu wakisikia habari za mto wanasema basi unapenda kutota. Sivyo. Kwenye kingo zenye mawe maji hupita yakaenda zake, na hewa inabaki katikati ya kokoto. Kuzikwa kwenye udongo ulioshindiliwa na maji yakatuama ni jambo jingine kabisa.

Sasa kwa nini watu wanauzika? Sababu ninayoisikia zaidi ni ile mizizi inayochungulia. Mtende huu una tabia ya kutoa vichipukizi vya mizizi chini ya shina, juu kidogo ya udongo, vimejaa kama vifundo vya kahawia. Mtu akiviona anadhani mti umewekwa juu mno, anavionea huruma, anavifunika. Mwingine anaona shina ni jembamba chini na nene juu, anaogopa litavunjika. Mwingine amenunua kiriba chenye miche mitatu isiyolingana urefu, anaitumbukiza ile mirefu ili ilingane na mifupi. Na wengi wamezoea kupandishia udongo mazao yao ya shambani, ambako kufunika shina kunaleta mizizi zaidi, wakahamishia desturi hiyo hapa.

Mtende si zao la aina hiyo. Mizizi yake yote huzaliwa sehemu moja, kitakoni mwa shina, na kila mzizi hutoka ukiwa na unene wake wa maisha, haunenepi tena. Sehemu hiyo inahitaji hewa kuliko kitu kingine. Ukiifukia, hewa inapungua, mizizi inashindwa kufyonza chakula, na madini ya kwanza kukosekana ni manganizi. Ndiyo maana makuti mapya yanatoka mafupi, yamesinyaa, ncha zimekunjamana kama zilizopitishwa motoni.

Wapo wasioamini mpaka waone ushahidi. Watafiti wa Florida walichapisha mwaka 1995 matokeo ya jaribio walilolifanya kwa mtende huu huu. Walihamisha mitende iliyokomaa, mingine wakaipanda kwa kina kilekile ilichokuwa nacho, mingine wakaiongezea udongo juu ya donge la mizizi: sentimita 15, 30, 60 na 90. Baada ya miezi 15, iliyobaki kwenye kina chake cha awali ndiyo iliyokuwa na mwavuli mkubwa zaidi wa makuti, iliyopona kwa wingi zaidi, na yenye upungufu mdogo zaidi wa manganizi. Kati ya iliyozikwa sentimita 90, ni asilimia 40 tu iliyopona.

Jambo linalowapotosha watu ni kwamba mti hausemi siku hiyo hiyo. Shina lina akiba, linaweza kuubeba mti miezi kadhaa ukionekana mzima. Ukianza kudhoofika, mwenye mti ameshasahau siku ya kupanda, anasingizia jua, anasingizia wadudu, ananunua dawa, anapulizia, anaongeza maji. Maji ndiyo yanayoumalizia.

Basi chukua rula au utepe wa kupimia. Usikadirie kwa macho, nimechoka kuona makadirio ya macho.

Kabla ya kuchimba, toa kiriba au chungu, kisha futa udongo wa juu ya donge kwa vidole mpaka uone mzizi wa kwanza wa kweli, ule uliokwisha kuingia kwenye udongo. Hatua hii msiiruke! Hata kitaluni huwa wanaongeza udongo juu, na ukipima kutoka uso wa kiriba utarithi kosa la mwingine. Mzizi huo wa kwanza unatakiwa uwe sentimita 2 hadi 3 tu chini ya uso. Vile vifundo vya kahawia vilivyo juu yake viache nje, havina tatizo lolote.

Sasa pima urefu wa donge kutoka uso wake uliousawazisha hivyo hadi chini. Tuseme ni sentimita 30. Shimo lako ni sentimita 28 kwenda chini, halizidi 30, na upana wake ni mara mbili ya upana wa donge. Ukichimba hadi 45 halafu ukarudishia udongo laini kufikia 30, umejidanganya: ule udongo laini utashuka kwa maji ya wiki mbili za mwanzo na mti utazama nao. Sakafu ya shimo iwe udongo ambao haujaguswa na koleo. Ukizidisha kwa bahati mbaya, rudishia na ushindilie kwa mguu kabla ya kuweka mti.

Weka mti, kisha laza fito iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa shimo. Uso wa donge uguse fito au uipite kwa sentimita 2. Ukiwa chini ya fito, toa mti, inua sakafu, pima tena. Fanya hivyo hata kama mti ni mzito na mgongo unauma. Rudishia udongo uleule uliochimbua, nusu kwanza, mwagia maji uzibe mapengo, kisha malizia. Usitie mbolea yoyote shimoni. Samadi mbichi hasa inaunguza ile mizizi michanga.

Miche mitatu isiyolingana iache isilingane. Inapendeza zaidi hivyo.

Ukiona mti unatikisika, usiuongezee udongo. Uegemezee fito tatu, uzifunge kwa vipande vya mpira au kitambaa kwa miezi 3 hadi 6. Usipige msumari kwenye shina. Jeraha la mtende halifungi kamwe, linabaki mlango wa vijidudu.

Kila hali ya hewa ina kisingizio chake cha kuzika. Penye ukame watu wanachimba shimo la bakuli na kuupanda mti katikati yake ili maji yakusanyike. Maji yanakusanyika, ndiyo, pamoja na udongo unaoporomoka kutoka kingo, na baada ya mvua chache shina limemezwa. Fanya kinyume: panda usawa wa ardhi, halafu zungushia tuta dogo la sentimita 8 hadi 10 nje kidogo ya donge. Penye mchanga panda usawa kabisa, usiinue, kwa sababu donge lililoinuliwa hukauka upesi.

Penye mvua nyingi au udongo wa mfinyanzi, jaribu shimo kwanza. Lijaze maji, yaishe, ulijaze tena, kisha weka saa. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usipande usawa wa ardhi. Tengeneza kichuguu kipana chenye kimo cha sentimita 20 hadi 30, upande juu yake.

Kwenye baridi wanazika wakidhani wanaupa mti joto. Udongo wa baridi ulio mbali na hewa unaulaza mzizi kabisa. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha sentimita 15 wazi kuzunguka shina, na uupande karibu na ukuta unaopigwa na jua. Ujue pia mtende huu hauvumilii baridi kali: makuti huanza kuungua joto likikaribia nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Kwenye jalidi ya kila mwaka uweke kwenye chungu chenye matundu na uuingize ndani mapema. Na kwenye chungu, acheni mtindo wa kujazia udongo juu kila udongo unaposhuka. Toa mti wote, ongeza udongo chini ya donge, urudishe.

Wakati wa kupanda ni pale udongo umeshapata joto, nyuzi 18 na kuendelea, mvua zikianza na si zikiwa zinaishia. Mwagilia kila siku wiki mbili za kwanza, halafu kila baada ya siku mbili au tatu hadi miezi miwili itimie, ila kwenye mfinyanzi chomeka kidole sentimita 5 kwanza, na ukikuta unyevu, ondoka. Mbolea isubiri mpaka kuti jipya lifunguke. Itoe kila miezi 3, yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni na iwe na magnesi na manganizi. Urea peke yake inazidisha njaa ya potasiamu, utaiona kwa rangi ya chungwa kwenye makuti ya zamani. Makuti ya kijani yasikatwe, na ukigusa vikonyo vaa glavu, miiba yake inapita kitambaa chepesi.

Aliyekwisha kosea bado ana nafasi, mradi kuti la katikati halijaoza. Kama mti una miezi michache tangu upandwe, chimba kuuzunguka, uunyanyue na donge lake zima, shindilia udongo chini, uupande upya kwa vipimo vya hapo juu. Kama umekaa zaidi ya mwaka, usiung'oe. Futa udongo kwa mkono, si kwa jembe, mpaka mizizi ya juu ionekane, kisha endelea kusawazisha nusu mita kila upande ili pasibaki dimbwi, na upande mmoja uchimbe mfereji wa kutoa maji. Manganizi salfeti itasaidia makuti yajayo, lakini ukiitia bila kuondoa udongo unatupa fedha.

Weka alama ya kalamu kwenye kuti jipya ambalo halijafunguka na kwenye kuti jirani: alama zikiachana ndani ya wiki chache, mti umeshika.

Halafu kuna fagio. Anayefagia kila asubuhi husukumia vumbi na majani shinani, kidogo kidogo, na mti uliopandwa vizuri unazikwa bila mtu kuamua kuuzika. Mwoneshe anayefagia mahali mzizi wa kwanza ulipo, na kila mwezi, na kila baada ya mvua kubwa, pitisha vidole pale. Ukizama zaidi ya sentimita 3 kabla ya kuugusa, futa udongo siku hiyo hiyo.