Kukabidhi laini ya majitaka ya majirani kwa DUWASA: hatua kwa hatua

Mitaa mingi ya Dodoma ilijengwa kabla mtandao wa majitaka haujafika. Kuna waliochimba mashimo, na kuna waliochangishana wakalaza laini yao hadi bomba kuu. Hawa wa pili ndio ninaowaandikia. Laini ya pamoja ikiziba, uchafu unamtokea bafuni mwenye nyumba ya bondeni, na wa juu wanaendelea kumwaga maji bila habari. Kisha linazuka swali la nani amlipe fundi. Ikishakuwa mali ya DUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Dodoma, swali hilo halipo tena.

Hatua ya 1: Barua
Msiipeleke kwa Mkurugenzi wa Jiji. Majitaka ya Dodoma yako chini ya DUWASA, na mamlaka za maji zinaongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Andikeni barua moja, wote mtie saini, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 2: Kagueni laini wenyewe kwanza
Laini ya pamoja ya inchi 4 haina maisha. Iwe inchi 6 au zaidi. Mteremko wa kuaminika kwa inchi 6 ni 1 kwa 60, yaani bomba moja la mita 6 lishuke sentimita 10. Kodini mashine ya leveli. Mpira wa maji wa mafundi unafaa kwa msingi wa nyumba, sio kwa laini ndefu.

Kisha fungueni chemba mbili zinazofuatana, tochi chemba hii, kioo chemba ile. Duara kamili la mwanga maana yake bomba limenyooka. Mkiona nusu, limebonyea, na kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hilo ni la kawaida. Mabomba ya mvua kutoka mapaani yang'oeni kwenye chemba kabla mkaguzi hajayaona. Na mifuniko iwe ya zege; ya chuma huishia kwa wauza vyuma chakavu.

Hatua ya 3: Mchoro
Fundi sanifu achore laini kama ilivyo ardhini, sio kama ilivyokusudiwa: kina cha kila chemba, kipenyo, namba za viwanja.

Hatua ya 4: Ridhaa za viwanja inamopita
Hapa ndipo faili nyingi zinapolala. Mamlaka haiwezi kutunza bomba ambalo haina haki ya kulifikia, kwa hiyo kila kiwanja ambacho laini imekatiza kinahitaji ridhaa ya maandishi ya mmiliki. Mmiliki, sio mpangaji wala mlinzi. Na Dodoma wenye viwanja wengi wanaishi kwingine.

Anzieni ofisi ya ardhi ya Jiji, mjue jina lililoko kwenye kumbukumbu. Mara nyingi kiwanja kimeshauzwa kwa karatasi ya mauziano na hati bado ina jina la kwanza, pengine tangu enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyogawa viwanja, iliyovunjwa 2017. Hapo tafuteni saini za wote wawili, muuzaji na mnunuzi, au msubiri hati ibadilishwe. Mmiliki akiwa marehemu, muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mmiliki akiwa na mwenza, mwenza naye asaini, hata kama mwenye jina anasema hakuna haja. Anayesaini kwa niaba ya aliye mbali awe na hati ya uwakilishi kutoka kwa wakili, sio ujumbe wa simu.

Ridhaa itaje upana wa njia, na iseme hakitajengwa kitu juu yake. Kama tayari kuna fremu za duka au choo juu ya bomba, msifiche. Kuihamisha laini pembeni ni nafuu kuliko kubishana na mwenye fremu, na mkaguzi ataiona tu.

Laini ikikatiza barabara ya mtaa, kibali ni cha TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

Mwombeni mwenyekiti awakutanishe wenye viwanja kwa pamoja. Ukienda mlango kwa mlango, kila mmoja atauliza jirani ameshasaini au bado.

Hatua ya 5: Ukaguzi
Mfungulieni mkaguzi chemba zote, zikiwa zimesafishwa. Marekebisho atakayotaka, ombeni yaandikwe.

Hatua ya 6: Makabidhiano
Hati itaje laini inaanzia chemba ipi hadi ipi. Kipande cha kutoka nyumbani hadi chemba ya kwanza kinabaki chako.

Kabla ya kusaini, malizaneni kuhusu michango. Kuna atakayetaka arudishiwe, na kuna aliyezoea kuwatoza wageni kiingilio. Mwenye kiwanja kipya akija na fedha mkononi kutaka kujiunga, mwelekezeni DUWASA akaombe huko.