Namna ya kulinganisha hedifoni za bei kali dukani kwa masikio yako

Kazi yangu ni kuwasikilizisha wateja hedifoni za daraja la juu, na karibu kila anayekuja hufanya vilevile. Anavaa ya kwanza, anacheza wimbo wowote ulio karibu, anaongeza sauti kidogo, anavua, anavaa ya pili, na baada ya dakika chache anasema, "Hii ndiyo yenyewe." Ukichunguza, mara nyingi aliyoichagua ni ile iliyokuwa ikipiga kwa nguvu zaidi. Inaniuma, kwa sababu hiki ni chombo ambacho mtu hukaa nacho miaka mingi, na tofauti halisi zilikuwepo palepale ila hakupata nafasi ya kuzisikia.

Tenga saa mbili na uchague hedifoni mbili au tatu tu. Zikizidi hapo masikio yanachoka, na zote zinaanza kufanana.

Hatua ya 1: Andaa nyimbo ukiwa bado nyumbani

Chagua nyimbo tano au sita unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Achana na zile rekodi zinazosifiwa kwa kujaribia vyombo; nyingi zimerekodiwa vizuri mno kiasi kwamba kila hedifoni hupendeza nazo. Beba unazozisikiliza kweli, na mojawapo iwe imerekodiwa vibaya, maana nayo utaisikiliza ukishanunua. Katika hizo nyimbo iwemo sauti ya mwanamke na ya mwanamume zikiwa mbele, gita la besi linaloshuka noti kwa noti, matoazi, kipande kilichorekodiwa jukwaani mbele ya watu, na kimoja chenye vyombo vingi vinavyopiga kwa pamoja.

Kwa kila wimbo tafuta kipande cha sekunde 20 hadi 30 na uandike kinapoanzia. Pakua faili kabisa, za FLAC (aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti) au za ubora wa juu kuliko wote katika huduma unayotumia. Usitegemee mtandao wa dukani, kwa sababu ukilegea, huduma nyingi hushusha ubora zenyewe bila kukuarifu. Zima ikwalaiza na kila kitu kwenye simu kinachodai "kuboresha sauti".

Ongeza faili ya pinki noizi, ule mvumo wa mfululizo ambao mafundi sauti hutumia kupimia spika. Iliyochujwa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 500 na 2,000 ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi yetu. Pakua pia programu ya kupima desibeli, na utie mfukoni CD moja usiyoitumia. Utaona kazi yake.

Ukiwa na mafua, ahirisha. Mirija inayounganisha koo na sikio la kati huziba, na hapo unasikiliza mafua yako. Vivyo hivyo kama umetoka kwenye muziki wa kelele usiku uliotangulia. Na kama unavaa miwani, nenda nayo.

Hatua ya 2: Omba mashine moja kwa hedifoni zote

Mara nyingi dukani kila hedifoni imechomekwa kwenye amplifaya yake. Mwombe muuzaji kwa adabu akuwekee zote kwenye amplifaya moja, chanzo kimoja, na ikiwezekana tundu lilelile. Muuzaji anayeijua kazi yake hatakataa.

Sababu ni hii. Hedifoni hazili umeme sawa. Focal Utopia ina ukinzani, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, wa omu 80 na hutoa desibeli 104 kwa miliwati moja. HiFiMan Susvara ina omu 60 na hutoa desibeli 83. Hapo katikati kuna desibeli 21, yaani Susvara inahitaji nguvu zaidi ya mara 100 ili kufikia sauti ileile. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye simu utasema imepooza, na utakuwa umeionea. Amplifaya ya kulinganishia lazima iwe na uwezo wa kuisukuma ile iliyo nzito kuliko zote mezani.

Kuna mtego wa pili, nao wauzaji wengi hawautaji. Amplifaya yenyewe ina ukinzani kwenye tundu lake la kutolea sauti. Ukiwa mkubwa, hubadilisha tabia ya baadhi ya hedifoni. Sennheiser HD 650 huandikwa omu 300, lakini karibu na hezi 80 hadi 100 ukinzani wake hupanda sana, na kwenye amplifaya ya taa (ya valvu za kioo) yenye ukinzani mkubwa besi yake huvimba. Mtu hupenda besi ile, hununua, halafu nyumbani haipo. Kanuni wanayoifuata mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni.

Uliza pia toleo. Beyerdynamic DT 880, kwa mfano, imetengenezwa kwa omu 32, 250 na 600. Jina ni moja, mahitaji mbalimbali.

Tazama na plagi. Tundu la balansi, lile la milimita 4.4 au la XLR ya pini nne, mara nyingi hutoa volteji maradufu kuliko tundu la kawaida, na volteji maradufu ni desibeli 6 zaidi. Ukisikiliza moja kwenye balansi na nyingine kwenye tundu la kawaida bila kurekebisha sauti, ya balansi itakuvutia bila hata kujua kwa nini.

Hatua ya 3: Ivae ikae

Pedi izunguke sikio lote bila kulikanyaga. Kwenye hedifoni za kufunga, zile ambazo vikombe vyake vimezibwa kwa nje, upenyo mdogo tu chini ya mkono wa miwani, au nywele zilizobanwa na pedi, humwaga besi nje. Cheza kipande cha besi kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, haijakaa. Isogeze mbele, nyuma, juu na chini kwa milimita chache. Sauti hubadilika kuliko watu wanavyodhani, hasa ile ya juu.

Angalia pedi zenyewe. Za maonyesho huvaliwa na watu wengi mno, zikabonyea, sikio likasogea karibu na spika, na sauti ikawa nyingine. Kama za moja ni mpya na za nyingine zimelala, omba jozi mpya au angalau liandike hilo.

Hatua ya 4: Sawazisha sauti

Ukiruka hatua hii, zilizobaki zote ni bure.

Sauti ikizidi kwa desibeli moja, au hata chini ya hapo, sikio halikuambii kuwa "hii ina sauti kubwa". Linakuambia kuwa hii ni safi zaidi, ina besi iliyoshiba, mwimbaji yuko karibu. Chanzo chake kimejulikana tangu watafiti Fletcher na Munson walipochapisha michoro yao ya usikivu wa sikio mwaka 1933: katika sauti ndogo masikio yetu hupoteza zaidi besi na ncha ya juu kuliko sauti za kati, na kadiri unavyoongeza ndivyo pande hizo zinavyorudi. Kwa hiyo mwenye sauti kubwa kidogo huonekana amejaliwa kila kitu.

Sasa toa ile CD. Tundu lake la katikati lina upana wa milimita 15, na linatosha maikrofoni ya simu. Laza kikombe cha hedifoni juu ya CD, pedi yote ikiwa imegusa, tundu likiwa katikati ya pedi. Upande wa pili weka maikrofoni ya simu iliyo na programu ya desibeli kwenye tundu, ukiziba pembeni kwa vidole ili hewa isivuje. Cheza pinki noizi, subiri namba itulie, isome. Inua kikombe, kilaze tena, usome mara ya pili na ya tatu. Ukipata namba zinazoachana sana, hukukilaza vizuri. Fanya hivyo kwa kila hedifoni hadi zote zisome namba moja, zisipishane zaidi ya nusu desibeli, kisha andika kitufe cha sauti kilikuwa wapi kwa kila moja. Amplifaya zenye tarakimu kwenye kioo hurahisisha sana. Kwenye kitufe cha kuzungusha, omba kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi uweke alama.

Usiamini namba yenyewe, kwa kuwa simu hazikuundwa kuwa vipimo vya maabara. Tunachotaka ni tofauti kati ya hedifoni na hedifoni, na kwa hilo simu inatosha.

Duka likikataa mambo ya CD, tumia sauti ya mwimbaji. Puuza besi na matoazi, sikiliza mwimbaji peke yake, na urekebishe hadi awe na nguvu ileile kwenye zote. Si sahihi kama kupima, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia.

Chagua kiwango cha wastani. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Zaidi ya hayo, masikio yaliyochoka hayawezi tena kutofautisha.

Hatua ya 5: Badilisha haraka, swali moja kwa wakati mmoja

Kumbukumbu ya undani wa sauti hudumu sekunde chache tu. Kwa hiyo cheza kipande kile cha sekunde 20 kwenye ya kwanza, badilisha bila kuzungumza, kicheze tena kwenye ya pili, rudi ya kwanza. Kisha geuza mpangilio, uanze na ya pili. Kugeuza ni muhimu: ukitoka kwenye hedifoni kali kwenda kwenye tulivu, tulivu itasikika kama imefunikwa, na ukienda kinyume, kali itakutoboa. Hayo ni mazoea ya ubongo, wala si kasoro ya hedifoni yoyote kati ya hizo.

Jiulize jambo moja tu kila mzunguko. Mimi huanza na besi. Waya mzito wa gita la besi ukipigwa wazi hutoa takriban hezi 41. Linaposhuka, je, kila noti ina uzito wake, au mbili za mwisho zinageuka mvumo mmoja? Wingi wa besi ni rahisi kuusikia. Ninachokitafuta ni kama naweza kuiimba ile njia ya besi baada ya kuisikia.

Halafu herufi "s" na "sh" kwenye sauti ya mwanamke. Hukaa zaidi kati ya kilohezi 5 na 8, na hapo ndipo hedifoni nyingi ghali huongeza chumvi ili zionekane zina undani. Kama "s" inakufanya ukunje uso katika kiwango cha wastani, haitapoa nyumbani.

Matoazi hunifundisha kuliko chombo kingine chochote. Toazi zuri linapogongwa unasikia kwanza kijiti kikigusa shaba, kisha shaba yenyewe ikilia, kisha mlio ukififia polepole. Hedifoni iliyokosewa sehemu ya juu huvichanganya vyote vitatu, ukabaki na mchanga unaomwagwa juu ya bati. Fuata mlio huo mpaka unapokwisha na ulinganishe unakwishia wapi kwenye kila moja.

Nafasi isikilize mwisho, kwenye ile rekodi ya jukwaani: nani yuko kushoto, nani nyuma, makofi yanatoka wapi. Hedifoni za wazi, zile zenye vikombe vyenye matundu kwa nje, kwa kawaida hushinda hapa, ila zinaingiza kelele zote za dukani, na mvumo wa kiyoyozi hufunika besi yao. Ukitaka kuilinganisha ya wazi na ya kufunga, omba chumba kimya au nenda saa ambayo duka limetulia.

Kwa hedifoni zisizo na waya, hakikisha zote zimewashwa kuondoa kelele au zote zimezimwa. Nyingi hubadilika sauti kati ya hali hizo mbili.

Hatua ya 6: Kaa na moja dakika ishirini

Ukishapata inayoongoza, acha kuichunguza. Sikiliza nyimbo nzima. Mng'ao uliokuvutia mwanzoni unaweza kukuchosha kufikia wimbo wa nne, na hilo kubadilisha haraka hakukuonyeshi. Mwili nao una neno lake: Audeze LCD-X ina takriban gramu 612, Sennheiser HD 800 S gramu 330 bila waya. Shingo haihisi tofauti hiyo katika dakika mbili. Katika ishirini inaihisi. Sikilizia joto la masikio, utosi unaobanwa, taya.

Hatua ya 7: Bei iulize mwisho

Mwombe muuzaji tangu mwanzo asikutajie bei, na vitambulisho avigeuze. Najua jina na uzito wa chuma hujitaja vyenyewe mkononi, lakini namba ya bei ndiyo inayopotosha zaidi. Mwaka 2017 mtafiti wa sauti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, na hakukuta uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyogawa besi, sauti za kati na za juu. Bei inaweza kununua mengine, kama vile uimara, vipuri, ufundi wa mkono na utando wa spika wa beriliamu (metali nyepesi na ngumu), na kama unavitaka hivyo ni haki yako kuvilipia. Ila andika uamuzi wako wa sauti kwenye karatasi kabla hujaiona.

Kama mbili bado zimekaa sawa, chukua ile ambayo amplifaya uliyo nayo nyumbani inaimudu. Uliza pedi mpya zinapatikana vipi na waya unachomolewa au la, pata kwa maandishi muda wa kurudisha, kisha rudia hatua ya 5 nyumbani kwa vifaa vyako kabla muda huo haujaisha.