Mama anaumwa viungo kijijini: aanzie wapi, aseme nini, adai rufaa lini

Akina mama wengi vijijini wanaumwa viungo miaka na miaka na jibu wanalopewa ni uzee au baridi, hata mdada wa miaka 35 anaambiwa hivyo hivyo. Mikono ikivimba wiki sita haijapoa, usilikubali hilo jibu. Kuna ugonjwa unaoitwa baridi yabisi, unakula viungo taratibu, unapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na vidole vikishapinda dawa haivinyooshi tena, ndo maana nawahimiza muwahi.

Kabla hujaenda zahanati chukua daftari, kama huandiki mtoto wa shule akuandikie. Ukiamka vidole vinakakamaa muda gani? Kama uji umeshaiva na bado hujaweza kushika mwiko, yaani saa nzima inapita, hiyo ni habari kubwa sana kwa daktari. Goti linalouma ukishapalilia halafu linatulia ukipumzika ni jambo lingine, mara nyingi ni kusagika kwa kiungo. Andika pia viungo vipi, vya mkono mmoja au yote miwili, na dawa zote ulizokwisha kunywa, za kienyeji pia usifiche. Ukifika ukasema tu "naumwa viungo" utarudi na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu tu, na sio roho mbaya ya nesi, foleni ni ndefu na vipimo hana.

Wafugaji mna la ziada: homa inakuja inaondoka, jasho usiku, viungo vinauma, umetibiwa malaria na taifodi mara kibao, basi taja kwamba mnakunywa maziwa mabichi au ulisaidia ng'ombe kuzaa, waulize kuhusu brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.

Ukishapewa dawa mara mbili tatu na hali ni ile ile, omba rufaa, iombe kwa heshima ila usiondoke bila jibu. Kwa Tanzania unapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, mpaka hospitali kubwa kama Bugando, KCMC au Muhimbili. Wenye bima mkiruka ngazi bila karatasi ya rufaa mnaweza kujikuta mnalipa kesh. Na ulizia kwanza siku ya kliniki ya bingwa kabla hujapanda gari, inauma kutumia nauli ya mahindi halafu unaambiwa rudi Alhamisi. Kipimo cha damu kikitoka safi pia sio mwisho, baridi yabisi inaweza kuwepo na kipimo kisionyeshe, mwambie daktari avishike hivyo vidole.

Sasa hili la nyumbani ndo linakwamisha wengi. Maumivu hayaonekani, mama anaitwa mvivu kwa sababu hawezi kubeba ndoo, na nauli iko kwa baba. Nenda naye baba watoto, au mama mkwe, aingie ndani amsikie daktari kwa masikio yake, utaona hata ndoo inapata wa kuibeba. Kama mko kwenye kikoba, jaza mkopo wa matibabu mapema kabla ya msimu wa kulima.

Dawa. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi, ni mara moja kwa WIKI, ukiimeza kila siku inaweza kukuua, na kama una mimba au unaitafuta mwambie daktari kabla hujaianza. Diklofenaki ya kila siku ya dukani inaleta vidonda vya tumbo, inaumiza figo na kupandisha presha. Unga usio na jina unaokuponya usiku mmoja uogope, nyingine zimechanganywa steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, uso unavimba, sukari inapanda, na kama umeshazitumia muda mrefu usikate ghafla, nenda nazo hospitali wazione. Mchuaji simkatazi, ila asiguse kiungo chenye moto.

Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, chekundu, cha moto, na homa juu, usisubiri kliniki wala gulio, tafuta bodaboda siku hiyo hiyo uende hospitali, huo unaweza kuwa usaha ndani ya kiungo.