Kutibu maambukizi ya njia ya hewa kwa nyoka wa kufugwa: hatua kwa hatua

Nyoka hana kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo hawezi kukohoa kama sisi. Tena nyoka wengi wanategemea pafu moja tu la kulia. Chatu wana mawili, ila la kushoto ni dogo. Makamasi yakishajaa humo hayana njia rahisi ya kutoka. Yanazidi kuwa mazito, na bakteria wanastawi ndani yake. Ukisubiri ugonjwa upite wenyewe, mara nyingi unampoteza mnyama.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo liko kwenye njia ya hewa

Nyoka anayekaribia kujivua gamba anaweza kupiga mluzi puani kwa siku chache, kwa sababu gamba la zamani limeziba tundu la pua. Akishajivua, kagua pua zote mbili. Sauti ikiendelea na pua ziko wazi, huenda ni ugonjwa.

Mkague mdomo kwa utulivu. Shika kichwa kwa upole, upenyeze ncha ya kadi laini ya plastiki mbele ya taya, kisha tazama tundu la hewa kwenye sakafu ya mdomo. Litafunguka na kufunga. Ngoja pumzi mbili tatu. Nyoka mzima ana mdomo wenye rangi ya waridi na mate mepesi yanayong'aa. Aliyeambukizwa utamwona na povu, utando unaonyooka kama nyuzi kati ya taya mbili, au usaha mweupe au wa manjano unaotoka kwenye tundu lenyewe.

Akiwa anapumua kwa kuachama, au anakaa ameinua kichwa juu ili apate hewa, usimfungue mdomo kabisa. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Rekebisha joto leo, kabla hata ya dawa

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibikia. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Akiwa baridi, kinga yake inalala na hata dawa haisambai mwilini inavyotakiwa. Unaweza kudunga dawa sahihi kwa kipimo sahihi usione nafuu yoyote.

Kwa Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira, upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa baridi usishuke chini ya 26. Nyoka wa mahindi wa Marekani anatosheka na 29 hadi 31 upande wa joto. Usiku usipunguze joto mpaka apone. Pima kwa kipimajoto cha waya, ncha yake ikiwa pale anapolala tumbo, maana kile cha kubandika kwenye kioo kinasoma kioo. Kipasha joto kiunganishwe na thamostati, kifaa kinachodhibiti joto lisizidi, na upande wa baridi ubaki ili aweze kuhama mwenyewe. Kuzidisha joto kunamkausha na kunaweza kumuua.

Unyevu wa hewa je? Wengi wakiona makamasi wanakimbilia kukausha kasha. Ni kosa, kwa sababu hewa kavu inayafanya makamasi yanate zaidi. Chatu huyo anahitaji asilimia 55 hadi 70. Kinachodhuru ni sakafu iliyolowa pamoja na baridi.

Hatua ya 3: Mtenge

Chumba tofauti kikiwezekana. Ondoa pumba za mbao, tandika karatasi nyeupe: haina vumbi, na utaona matone ya makamasi mapema. Badilisha maji kila siku na umhudumie mgonjwa mwisho, baada ya nyoka wengine. Kagua utitiri pia, vidoa vyeusi vinavyotembea kando ya macho na chini ya kidevu. Unanyonya damu na unaweza kusambaza vijidudu.

Hatua ya 4: Sampuli kwanza, antibiotiki baadaye

Daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa reptilia ataingiza maji safi ya chumvi kidogo kwenye koo la hewa, ayavute tena, na kuyapeleka maabara yaoteshwe ili ijulikane dawa ipi inaua bakteria waliopo. Mara nyingi hupatikana Pseudomonas, Klebsiella au jamaa zao, na hao ni sugu kwa dawa nyingi. Kama ni chatu, omba na kipimo cha serpentovirus, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa ya nyoka. Antibiotiki haiui virusi. Inazuia tu bakteria wanaodandia.

Hatua ya 5: Sindano

Dawa inayotumika sana ni ceftazidime, miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya saa 72. Nyoka wa kilo 1.2 anahitaji miligramu 24. Ikiwa chupa imechanganywa hadi miligramu 100 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.24. Thibitisha mkolezo na daktari kila unapopewa chupa mpya, kwa kuwa kiasi cha maji ya kuchanganyia kikibadilika, hesabu yote inabadilika.

Dunga kwenye msuli ulio kando ya uti wa mgongo, katika theluthi ya mbele ya mwili, ukipitisha sindano nyembamba katikati ya magamba. Mbele kwa sababu damu ya sehemu ya nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka mwili. Badilisha upande kila mara. Enrofloxacin inafanya kazi pia, ila inachoma nyama na inaweza kuacha kidonda. Amikacin inaumiza figo za nyoka aliyepungukiwa maji.

Hatua ya 6: Mvuke wa nebulaiza

Muweke kwenye kasha dogo la plastiki lenye matundu, uingize ukungu wa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa nebulaiza, mashine inayogeuza maji kuwa ukungu, kwa dakika 15 hadi 20, mara moja au mbili kwa siku, chumba kikiwa na joto. Makamasi yanalainika. Osha kikombe cha mashine kila unapomaliza. Usitie mentholi wala mafuta ya kunukia, yanaunguza mapafu.

Hatua ya 7: Chakula

Tumbo lililojaa linabana pafu, na nyoka mgonjwa hutapika kirahisi. Subiri apumue kimya, kisha anza na windo dogo kuliko la kawaida. Mpime uzito kwa gramu kila wiki. Akipoteza asilimia 10, mwambie daktari.

Hatua ya 8: Usikatize dozi

Povu linaweza kuisha mapema, lakini matibabu kwa kawaida huchukua wiki tatu au zaidi. Ukiacha pale anapoonekana mzima, wanaobaki ni bakteria wagumu zaidi. Kama baada ya sindano nne hakuna nafuu, pima joto upya, rudia maabara, na uliza kuhusu minyoo ya mapafu. Aliyekutwa na virusi asirudi kwa wenzake wala kuzalishwa, hata akionekana mzima. Nyoka yeyote mpya naye akae peke yake siku 90 kabla ya kuingia chumba cha wengine.